Gombo Lililoniangukia Kifuani

Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa Oktoba, mwaka 2022, saa nne na nusu asubuhi, gombo la Torati lilimponyoka mjukuu wangu mbele ya watu thelathini na wanane. Tarehe za mambo mengi zimenitoka kichwani. Hii imegoma kutoka.

Nianze na wakubwa, maana mambo yenyewe yalianza na wakubwa.

Mimi ni fundi wa kambi. Mabomba, mapaa, tanuri la kupashia nyumba joto, mbao za gati zinazooza kila masika, vyote ni vyangu. Jina langu Myron Tabachnik. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano nikaenda kuosha vyombo katika hoteli za milima hii ya Catskill, enzi hizo hoteli zilikuwepo. Kiangazi kambi hujaa watoto. Vuli hupangishwa mwisho wa wiki kwa yeyote mwenye hela, lakini wiki ile ilikuwa ya vijana wetu wenyewe, thelathini na wawili, wa miaka kumi na tano hadi kumi na saba, kutoka masinagogi ya huku juu. Waliletwa kujifunza uongozi, kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumapili mchana. Sijui uongozi unafundishwaje kwa siku mbili. Wanaotuongoza sisi wamefundishwa miaka na miaka, na bado waliliuza sinagogi letu kwa muuza mazulia.

Gombo lilitoka huko. Sinagogi lilipouzwa, kamati ikaligawa kambini pamoja na viti na sufuria. Ni gombo la zamani, ngozi nene, uzito wa mtoto wa miaka minne aliyelala. Na Oktoba ndipo linapokuwa baya. Tumekwisha kumaliza kulisoma lote kwa mwaka, tumeanza tena Mwanzo, kwa hiyo kati ya miti miwili linayoviringishwa, wa kulia umezungushiwa ngozi kidogo tu, na wa kushoto umebeba karibu vitabu vyote vitano vya Musa. Anayeliinua baada ya kusomwa ili watu walione ni kama ameshika gunia kwa mkono mmoja na ufagio kwa mwingine. Mimi nina shoto, ndiyo maana vuli ishirini na sita walikuwa wananiita mimi. Hakuna aliyewahi kuniita kwa jambo lingine.

Basi Ijumaa ile nikamfuata mkurugenzi, Kenneth Lubin. Ana miaka arobaini na minne, digrii mbili, na viatu vya kukimbilia ambavyo sijamwona akikimbia navyo. Nikamwambia kesho wasimpe mtu yeyote tu kazi ya kuinua, wampe yule msichana mrefu anayeitwa Orli. Ana shoto, tena anacheza mpira wa kikapu.

"Mzee Myron," akaniambia, "wikiendi hii hatutafuti nguvu. Tunatafuta nafasi. Kila mtu afanye jambo ambalo hajawahi kulifanya."

"Gombo halina habari hiyo."

Akacheka, akanigusa bega, akaenda zake. Kabla jua halijazama waliweka kazi zote za sala ndani ya kofia, kila moja kwenye kikaratasi, vijana wakachomoa. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga balbu ya ukumbini. Nilimwona Hadasa, mtoto wa binti yangu, anakunjua karatasi yake. Akaisoma, akaniinulia juu ili nione, akatabasamu.

Ningeweza kushuka ngazi. Ningeweza kusema mpeni mwingine, huyu hana mkono wa hiyo kazi. Lakini lile tabasamu lilikuwa la kwanza tangu Machi, na mimi nikaendelea kuzungusha balbu ambayo ilikuwa imekwisha kukaza.

Machi ndipo alipokufa mke wangu, Estelle. Hospitali walimrudisha nyumbani mara mbili na vidonge vya kiungulia, na mara ya tatu walinirudisha mimi peke yangu. Hadasa na mama yake, Beverly, wanakaa kwangu. Beverly anafanya zamu ya jioni katika nyumba ya wazee, kwa hiyo chakula cha jioni kilikuwa cha Estelle, Hadasa na mimi. Estelle alipoondoka tukabaki wawili na kiti. Mtoto akaanza kulia chumbani. Baadaye akaanza kutokula chumbani. Nilikuta chakula kizima kizima kimefungwa kwenye mfuko chini ya karatasi za taka. Nikaenda shule, wakanipa kijitabu nisome. Nikaenda kwa daktari, akanipa miadi ya Januari. Kufikia Oktoba saa ya mkononi ya Hadasa ilikuwa inatembea mpaka kwenye kiwiko, na wote wenye vyeo niliowaambia walikuwa wamenisikiliza kwa upole mkubwa.

Ndiye aliyepewa gombo la Oktoba.

Jumamosi tulimaliza kusoma habari za Nuhu. Hadasa akapanda jukwaani. Kuinua kuna ufundi wake: unalivuta gombo mpaka nusu itokeze nje ya meza, unakunja magoti, unakandamiza vishikio ili ukingo wa meza ukusaidie, ndipo unasimama nalo likiwa wazi na kugeuka ili watu waone maandishi. Alifanya yote sawasawa, nadhani alikuwa amefanya mazoezi chumbani na ubao wa kitanda. Alisimama nalo. Watu wakaanza kuimba kwamba hii ndiyo Torati aliyoiweka Musa mbele ya wana wa Israeli. Akageuka, na nikauona mkono wake wa kushoto unashuka.

Nilikuwa benchi la pili. Goti langu la kulia ni la chuma. Sikujua kama bado naweza kuruka, na sijui tena kama naweza, lakini siku ile niliruka. Nilianguka chali, na gombo likanishukia kifuani likiwa wazi, ngozi imenifunika mpaka kidevuni, gharika nzima ya Nuhu imenilalia. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Rabi Ilana, mama mmoja kijana anayefanya kazi katika masinagogi matatu kwa mshahara wa moja, alilikunja gombo juu yangu polepole, kama mtu anayemvua mgonjwa shuka. Halikuchanika. Nikauliza, nikiwa bado chini, kama linahesabiwa kuwa limeanguka ikiwa limeangukia mtu. Akasema limeponyoka mikononi, limeanguka.

Hadasa alikuwa amesimama palepale, mikono bado imeinuliwa.

Sasa, kwetu gombo likianguka, walioliona wanafunga siku arobaini. Mchana hawali wala hawanywi mpaka nyota zionekane. Rabi Ilana aliwaeleza vijana hivyo kwa sauti ya kawaida, kwa sababu waliuliza. Akaongeza kwamba si amri ya Torati, ni desturi. Wengine hugawana siku, wengine hutoa sadaka badala yake, kila jamii huamua yenyewe. Kisha Lubin akatuita sisi watu wazima kwenye korido.

Alikuwa amepauka. Alisema hakuna mtoto atakayefunga katika kambi yake hata saa moja. Alitaja wazazi, akataja wanasheria, akataja bima. Kambi itatoa sadaka, vijana watakaa kwenye duara waseme wanavyojisikia, halafu ratiba itaendelea. Rabi akamuuliza, je, vijana wenyewe wakitaka? Lubin akasema hilo si jambo la kuwaachia watoto. Nikamuuliza kuinua gombo lilikuwa jambo la nani. Walezi wanne wa vijana wakaangalia sakafu. Lubin akanitazama, na nikaona amenielewa, na nikafurahi, Mungu anisamehe.

Nilimkuta Hadasa kwenye ngazi za nyuma za jikoni, karibu na mapipa. Hakuwa analia.

"Nitafunga zote, Babu," akasema.

"Zote zipi?"

"Arobaini. Wale hawakufanya kitu. Mimi ndiye niliyeangusha."

Ningeweza kuyabeba machozi. Kilichonitisha ni kwamba alikuwa ametulia. Uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuwa nimeiona miezi saba, amani ya mtu aliyekuwa anafanya jambo kwa kificho na sasa amepewa ruhusa ya kulifanya mchana kweupe. Siku arobaini bila mtu kumuuliza kwa nini hali. Na nilijua kuwa usiku nao hatakula. Na nilijua mwili ule hauna siku arobaini ndani yake.

Nikamwambia haiwezekani. Akanijibu kwa heshima kwamba mimi si rabi.

Nilirudi kwa Lubin, naye ndiye mtu wa mwisho duniani niliyetaka kumwomba. Nilimwambia kila kitu, mifuko ya taka, saa ya mkononi, daktari wa Januari. Alisikiliza. Akasema nyota zikitoka, Sabato ikiisha na simu zikiruhusiwa, atampigia Beverly, na pengine ingekuwa salama zaidi mtoto arudi nyumbani jioni hiyohiyo.

"Ukimrudisha leo," nikamwambia, "umemfungisha hizo arobaini wewe mwenyewe. Atakaa peke yake na kosa lake. Nani atamlisha? Mimi? Nimeshindwa tangu Machi."

Akasema atashauriana. Mkubwa akisema atashauriana, ujue ameamua kutofanya kitu na anatafuta wenzake wa kutofanya nao. Niliondoka nikaenda jikoni kusugua sufuria ambazo zilikuwa safi.

Ratiba ilisema saa nane hadi saa kumi ni mapumziko. Vijana hawakupumzika. Niliwasikia wanaingia bwaloni mmoja mmoja, wanafunga mlango. Baina ya jikoni na bwalo kuna dirisha la kupitishia sahani, na kifuniko chake hakifungi vizuri, ni mimi ninayetakiwa kukitengeneza. Kwa hiyo nilisikia yote, na nusu yake niliiona.

Orli ndiye aliyekuwa anaongoza, ingawa hakuna kofia iliyomchagua. Waliwatuma wasichana wawili wakamlete Hadasa. Akaja, akasimama mlangoni.

"Kaa," Orli akamwambia.

"Nasimama tu."

"Kaa bwana, usitufanye tuonekane mahakama."

Akakaa. Palikuwa na kijana mmoja mnene, Zev Aronoff, ambaye tangu Ijumaa alikuwa amekwisha kunivunjia kiti kimoja na kuniomba msamaha mara tano. Baba yake ni wakili na yeye anaiga. Akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Swali moja tu. Wewe uliliona likianguka?"

"Nililiangusha, Zev."

"Sikuuliza hivyo. Uliliona? Macho yalikuwa wazi?"

Msichana mmoja wa benchi la mbele akasema yalikuwa yamefumbwa, yeye alimwona, aliyafumba pale alipogeuka, kama mtu anayeruka majini. Wawili wengine wakasema ndiyo, ni kweli.

"Basi," Zev akasema. "Wanaofunga ni walioona. Wewe hukuona. Huna haki hata ya nusu siku, na ukijaribu utakuwa unatuibia."

"Kosa ni langu."

"Kosa lako, njaa yetu. Ndivyo ilivyo. Kamuulize rabi."

Sauti nyuma ikamuuliza Zev atafunga tumbo au mdomo. Akasema tumbo, mdomo una kesi. Watu wakacheka, na Hadasa hakucheka, lakini alikuwa anawatazama sasa, mmoja baada ya mwingine, si sakafu.

Ndipo Orli akainamia meza.

"Lakini hatukuachi hivihivi. Tunagawana siku. Kila jioni nyota zikitoka, aliyefunga siku hiyo anakupigia simu ya video. Hafungui mpaka na wewe uwe na sahani mbele yako. Ukiuma, anauma. Usipouma, anakaa na njaa yake."

"Huo ni utekaji nyara."

"Ndiyo," Zev akasema. "Na tukifuata umri, siku yangu naona inaangukia Alhamisi, na Alhamisi mama yangu anapika nyama. Usije ukanichezea, Hadasa. Nakuomba. Mimi si mtu wa kuchezewa na njaa."

Hadasa alifunika uso kwa mikono. Mabega yakatikisika, na mimi nilishika sinki, maana kwa nyuma kilio na kicheko havitofautiani. Alipoishusha mikono kilikuwa kicheko. Kibaya, cha kukwaruza, chenye kamasi, lakini kicheko. Akasema, "Nyie ni wajinga kabisa." Orli akasema basi tumekubaliana.

Sikumwambia kijana yeyote habari za mifuko ya taka. Naliweka hili wazi kwa sababu watu wameniuliza. Nadhani walikuwa wamekaa naye meza moja tangu Ijumaa, na wana macho, basi.

Sabato kuandika hakuna. Kwa hiyo walijipanga mstari kwa umri, mkubwa mbele, kila mmoja akatamka namba yake na kuishika kichwani. Mpaka jioni nilikuwa nawakuta njiani wanaulizana, wewe wa ngapi, mimi wa kumi na tisa, wewe je. Nyota tatu zilipoonekana, saa moja kasoro, na mshumaa wa kuaga Sabato ukazimwa kwenye divai, walikimbilia karatasi kubwa ukutani kama watu wanaogombea mkate. Halafu kila mmoja akachukua simu yake akampigia mzazi. Hilo lilikuwa sharti la Rabi Ilana, na walilitimiza wote. Mama mmoja alikataa kwa sababu mwanawe ana sukari, akachukua siku hiyo yeye mwenyewe.

Vijana walikuwa thelathini na mmoja bila Hadasa. Walezi wanne wakaweka majina. Rabi akachukua siku mbili, na mimi mbili. Jumla thelathini na tisa.

Lubin alikuwa amesimama mlangoni muda wote, koti limefungwa mpaka shingoni. Zev akamnyooshea kalamu. Lubin akasema hawezi. Alisema hatawazuia, kwa kuwa wazazi wameridhia, lakini mwenye dhamana ya kambi hawezi kuweka jina kwenye karatasi kama ile, ikitokea lolote, karatasi ile ndiyo itakayosomwa. Alisema kwa upole. Zev akarudisha kalamu mfukoni, na mstari wa arobaini ukabaki mtupu. Nilimtazama Lubin akienda ofisini kwake, nikawaza, hiyo ndiyo digrii ya pili inafanya kazi.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu, tarehe thelathini na moja. Orli. Hadasa aliegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Nilikuwa nimechemsha tambi. Aliuma mara mbili akaweka uma chini, na kule upande wa pili Orli naye akaweka uma chini akaanza kusimulia habari za mwalimu wake wa hesabu, polepole, kama mtu asiye na haraka na lolote, na tumbo lake likawa linanguruma mpaka mimi nililisikia kwenye simu. Hadasa akaushika uma tena. Ilichukua saa nzima na dakika kumi. Alikula robo ya sahani. Mimi nilikula yangu yote na nusu ya kesho, kwa woga.

Alhamisi Zev alipiga akiwa amekwisha kufunga kitambaa shingoni. Alimkagua kupitia simu: inua kijiko, hapana, hicho ni kijiko cha kumlishia paka, chota. Mama yake akapita nyuma akamwambia aache kumsumbua mtoto wa watu, akachungulia, akamuuliza Hadasa anakula nini. Aliposikia ni samaki wa kopo akashika kichwa. Jumapili tukapokea sanduku la nyama iliyogandishwa, limeandikwa jina langu kwa makosa matatu.

Hatukuhesabu Jumamosi, kwa kuwa Sabato haifungwi, wala siku mbili za mwandamo wa mwezi. Ijumaa simu zinazimwa kabla ya nyota, kwa hiyo aliyefunga alimwachia ujumbe mapema: saa kumi na mbili na nusu naanza na supu, na wewe anza na supu. Ijumaa tulikula kwa kuaminiana. Niliogopa sana Ijumaa ya kwanza. Hadasa alitazama saa ya ukutani, ikafika kumi na mbili na nusu, akachukua kijiko bila mtu yeyote kumwona ila mimi.

Sitaki kusema alipona. Mtu haponi kama bomba. Kulikuwa na jioni alizokula vijiko vitano akalia, na mvulana wa siku hiyo, simkumbuki jina, akala vijiko vitano vilevile akakaa naye kimya. Lakini wiki ya tatu alikuja jikoni akauliza bibi yake alikuwa anaweka nini kwenye nyama ya tanuri, kwamba yangu ni kama soli. Nikamwambia vitunguu, lakini Estelle hakuniambia vingapi. Tukajaribu sita. Wiki ya tano Beverly alirudi zamu akamkuta amelala kwenye kochi, sahani tupu sakafuni, na akanipigia simu mimi niliyekuwa chumba cha pili, akalia bila kusema kitu. Nami nikakaa kitandani nimeshika simu, nikahisi jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, kwamba mabega ya mtu yanaweza kushuka.

Daktari wa Januari alipiga kuahirisha hadi Februari. Nikamwambia asijihangaishe kwa ajili yetu.

Siku zangu mbili zilikuwa Alhamisi na Ijumaa, tarehe kumi na tano na kumi na sita Desemba. Hatukuhitaji simu. Tulikaa yeye na mimi, sahani mbili, akanifanyia kama Zev: inua kijiko, Babu, hicho ni cha paka.

Ikabaki Jumapili, tarehe kumi na nane. Siku ya arobaini, na jioni yake ndiyo ya mshumaa wa kwanza wa sikukuu ya Hanuka. Karatasi ilikuwa haina jina. Nilimwambia Hadasa asisubiri mtu, tutakula sisi, nitafunga hiyo nami kama ziada. Akasema hapana, Babu, umeshamaliza zako. Saa kumi na moja jioni akaandaa meza ya jikoni, sahani moja, nyama ya tanuri, viazi, akaegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Nilitaka kumwambia asijitie moyo bure. Nilisimama mlangoni, upande wa sebule, nimekunja ngumi, nikiwalaani wote waliowahi kumwahidi mtu jambo kisha wakaacha mstari wazi.

Simu ikalia.

Akaitazama, na kwa muda akawa kama haamini. Kisha akanyoosha mguu akausukuma mlango wa jikoni ukajifunga mbele ya pua yangu. Nilisikia sauti, siyo maneno. Sauti ya mtu mzima, nadhani ya kiume, ingawa mlango ule ni mzito, niliuweka mwenyewe. Nilisikia uma kwenye sahani. Nilimsikia Hadasa akisema, "Hapana, ni sawa. Kweli, ni sawa. Kula." Uma tena. Dakika arobaini. Alipotoka sahani ilikuwa tupu na macho yake mekundu na alikuwa na njaa bado, akauliza kama kuna maandazi ya jamu. Tukawasha mshumaa.

Nilimuuliza ni nani. Akasema aliyefunga hakutaka kutajwa.

Tangu hapo nimeuliza kila mahali. Zev ameapa si yeye, na Zev akifanya jambo jema hawezi kulificha hata saa moja. Rabi Ilana amesema si yeye, akatabasamu kwa namna nisiyoipenda. Baba wa Hadasa anakaa Arizona, hakuliona gombo, na hukumbuka simu yake ilipo mara mbili kwa mwaka. Jumatatu yake, asubuhi, nilikutana na Lubin kwenye jengo la mabomba, maji yalikuwa yameganda. Midomo yake ilikuwa imepasuka, lakini Desemba midomo ya kila mtu hupasuka. Aliniuliza Hadasa anaendeleaje. Nikasema anakula. Akasema vizuri, akainama kushika tochi ili nione bomba, na aliishika vizuri, haikutetemeka, mpaka nilipomaliza kazi. Nilikuwa na swali mdomoni. Nikaona nikilisema na jibu likawa lile ninaloliogopa, itabidi nianze upya hesabu yangu yote na watu wenye vyeo, na mimi nina miaka sabini na moja.

Hadasa ameondoka leo asubuhi kwenda kulala kwa kina Orli, amebeba begi na sufuria ya nyama. Nyumba ni kimya lakini si kimya kile cha zamani. Nimekaa mbele ya sahani yangu, nimekula, nimeshiba, na bado najiuliza: Jumapili ile, tangu alfajiri mpaka nyota, ni nani aliyekaa na njaa kwa ajili ya mtoto wangu bila kutaka mtu ajue?